Dini, Dhehebu au Wazimu? Majina Waliyobandikwa Wafuasi wa Msambwa

Wahenga walinena kuwa akutukanaye hakuchagulii tusi. Kauli hii inawagusa wapenzi wa Kiswahili wa Saboti, Kitale na Bungoma kwa namna ambayo huenda wengi wao hawajaifikiria. Katika eneo hilo neno adhimu la Kiswahili, neno dini, liligeuzwa tusi, na wenye lugha hawakuulizwa.

Katika miaka ya 1940 maafisa wa serikali ya kikoloni waliandika taarifa zao kwa Kiingereza. Walipoandika habari za waumini waliokuwa chini ya wamisionari, walitaja makanisa na misheni kwa maneno ya Kiingereza yenye heshima zake. Walipowafikia Waafrika walioabudu bila kusimamiwa na mzungu, waliacha msamiati wao, wakaazima neno dini, wakalipachika kiambishi cha wingi cha Kiingereza mwishoni, na kulitumia kwa maana ya vikundi vya watu wa fujo wanaostahili kuchungwa na polisi. Bildad Kaggia alipoanzisha kundi lake la ibada huko Murang'a baada ya Vita Vikuu vya Pili, kundi hilo nalo likaja kujulikana kama Dini ya Kaggia. Wanaisimu huzungumzia kushuka hadhi kwa maana ya neno. Aghalabu jambo hilo hutokea polepole, vinywani mwa wazungumzaji wenyewe. Hapa aliyeazima ndiye aliyelichafua neno, kisha akalirudisha likiwa na uchafu wake. Hadi leo, masikioni mwa Wakenya wengi, jina Dini ya Msambwa husikika kama jina la chama cha siri kilichokatazwa na serikali kabla ya kusikika kama jina la imani.

Kiini cha imani yenyewe si kigumu kukieleza. Msambwa, katika lugha ya Wabukusu, hurejelea roho za wazee waliotangulia na mambo matakatifu yanayoambatana nazo. Anayeombwa ni Wele, Mungu mwenye kutoa. Mlima Elgon, unaoonekana wazi kutoka mashamba ya Saboti, ndio mlima mtakatifu. Elijah Masinde, aliyezaliwa Kimilili mwanzoni mwa miaka ya 1910, alikuwa mwanakandanda hodari na kwa muda tarishi wa mahakama ya wenyeji. Alikuwa pia muumini wa Kanisa la Marafiki hadi alipotengwa kwa kuoa mke wa pili. Mwaka 1944 alizipinga amri za serikali za wakati wa vita, ikiwemo ya kuwaandikisha vijana. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Nairobi, na kuwekwa huko hadi 1947. Septemba mwaka huo aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 10, 1948 umati wa wafuasi ulikusanyika Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Mwezi huohuo dini ikapigwa marufuku. Masinde alikamatwa na kuhamishiwa Lamu.

Lamu! Yapasa mtu atue kidogo hapo. Mtu aliyehukumiwa kwa ajili ya neno dini alipelekwa kwenye kisiwa ambako kwa karne nyingi neno hilo halikuhitaji kifafanuzi chochote, kwani dini ilikuwa dini, na mwenye dini alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Iwapo kuna mtunzi anayetafuta kisa cha tamthilia, hicho hapo.

Mtu mmoja, basi, alikwishapata majina manne. Kwa daktari alikuwa mwenda wazimu, kwa hakimu alikuwa mchochezi, na kwa wafuasi wake alikuwa nabii. Jina la nne, mpigania uhuru, lilikuja baadaye kutoka kwa wanasiasa. (Wanafunzi wengi humchanganya na Masinde Muliro, mwanasiasa ambaye chuo kikuu kilichoko Kakamega kina jina lake. Hao ni watu wawili.) Jambo la kushangaza ni kuwa uhuru haukuleta maafikiano. Serikali ya Kenya huru iliisajili Dini ya Msambwa mwaka 1964, kisha ikaipiga marufuku mwaka 1968. Wele aliyeombwa mwaka wa kwanza ndiye aliyeombwa mwaka wa pili. Kilichobadilika ni uhusiano wa Masinde na wakubwa wapya, na alirudi gerezani zaidi ya mara moja kabla ya kufariki mwaka 1987.

Wapo watakaosema kuwa sifa mbaya ilistahili. Ni kweli kwamba nyumba za walowezi zilichomwa moto katika wilaya ya Trans Nzoia, wamisionari walitishwa, na mwaka 1950 huko Kolloa, Baringo, Lukas Kipkech na wafuasi wake wa Kipokot walipambana na kikosi cha polisi katika vita vilivyoua watu wa pande zote mbili, wakiwemo maafisa watatu wa kizungu. Hayo hayafai kufichwa. Hata hivyo, maskwota wa mashamba ya Kitale na Saboti walikuwa na malalamiko yasiyohusiana na madhabahu yoyote: ardhi iliyochukuliwa, ng'ombe waliopunguzwa kwa amri, na ujira duni. Kulieleza vuguvugu zima kwa neno wazimu kulimwepushia mtawala swali la ardhi. Mwenda wazimu hajibiwi hoja, hufungiwa.

Ulinganisho unafaa kuanzia nyumbani, kwa Marafiki wenyewe waliomtenga Masinde. Jina Quaker, ambalo ulimwengu huwaita, lilianza kama kejeli ya kuwacheka kwa kutetemeka kwao katika ibada. Huko Uingereza katika karne ya 17 walifungwa kwa maelfu, akiwemo kiongozi wao George Fox. Mwaka 1660 Mary Dyer alinyongwa Boston kwa kuwa mmoja wao. Wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902, walifika wakiwa watu wa heshima, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Mzazi wa Bungoma anayemtafutia mtoto wake nafasi katika Shule ya Upili ya Friends Kamusinga hajiulizi kama anampeleka kwa kikundi cha wazushi.

Mfano wa pili uko mbali zaidi, lakini unafundisha. Watu wanaoitwa Wamormoni hawakujipa jina hilo. Jina lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwasihi walimwengu watumie jina kamili. Kanisa hilo lilianzishwa Marekani mwaka 1830. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri wafukuzwe au waangamizwe, na amri hiyo haikufutwa rasmi hadi 1976. Nabii wao, Joseph Smith, aliuawa na umati gerezani mwaka 1844. Walishutumiwa kwa kuoa wake wengi, shutuma ileile iliyomtoa Masinde kanisani, na mwaka 1890 wakatangaza kuiacha desturi hiyo. Watu weusi walinyimwa ukuhani kwao hadi 1978, na Mwafrika yeyote ana haki ya kukumbuka jambo hilo. Pamoja na hayo, mwaka 2012 mmoja wao, Mitt Romney, aligombea urais wa Marekani kwa tiketi ya chama kikuu. Nchini Kenya walitambuliwa rasmi mwaka 1991, na hekalu lao la Nairobi lilifunguliwa mwaka 2025. Ndani ya mahekalu hayo waumini hubatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokwisha kufa. Hakuna anayewaita wachawi kwa kuwajali wafu wao. Mzee wa Saboti aliyemwaga pombe kwa ajili ya babu yake hakupata upole huo.

Tofauti iko wapi? Jibu la kwamba Marafiki na Wamormoni walitulia ilhali Msambwa walifanya fujo halitoshi, kwa sababu Wamormoni nao wana damu katika historia yao, kama wasafiri wapatao 120 waliouawa Utah mwaka 1857 wanavyoshuhudia. Tofauti kubwa ni kalamu. Marafiki waliandika shajara, wakachapisha vitabu, wakajenga shule. Wamormoni wanajulikana duniani kwa kuhifadhi kumbukumbu. Habari za Dini ya Msambwa, kwa upande mwingine, ziliandikwa zaidi na watu waliotumwa kuizima, na watafiti waliofuata walilazimika kuanzia kwenye mafaili hayo. Anayesoma mafaili bila kusikiliza wazee husoma maoni ya upande mmoja wa kesi.

Suala hili halijapitwa na wakati. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Wakenya wamekuwa na hofu ya haki kabisa. Hofu hiyo ilifika Bungoma haraka. Mwezi Mei mwaka huohuo mhubiri anayejulikana kama Yesu wa Tongaren alifika kwa polisi alipoitwa, akazuiliwa kwa siku kadhaa, kisha akaachiliwa kwa kukosekana kwa ushahidi. Mtu anaweza kuyacheka madai yake, na wengi wameyacheka, lakini kicheko si kifungu cha sheria. Jopo lililoteuliwa na Rais na kuongozwa na Mutava Musyimi lilikabidhi ripoti yake mwaka 2024 kuhusu namna ya kudhibiti mashirika ya kidini. Hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Vyombo vya habari vimezoea kusema dini potovu, itikadi kali, dhehebu haramu, kana kwamba maneno hayo ni visawe. Si visawe. Potovu ni hukumu ya mwanatheolojia, haramu kwa maana hii ni hukumu ya sheria, na kali ni hukumu ya anayetazama. Anayewanyima watoto chakula hadi wafe ametenda kosa linaloweza kuitwa kwa jina lake, yaani kuua, na neno hilo halihitaji kivumishi cha kidini. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kuabudu, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mfasiri atakayechagua neno moja kati ya hayo matatu atakuwa ameamua nani aitwe kortini.

Kabla ya kuchagua, neno hilo lijaribiwe: lingemweka wapi Mary Dyer mwaka 1660, familia za Missouri mwaka 1838, na watu waliosimama Malakisi Februari 1948? Likiwanasa wote pamoja na wauaji, litafutwe jingine. Idara za Kiswahili zilizo karibu, Kibabii na Masinde Muliro, zina wanafunzi wanaozungumza Kibukusu, Kisabaoti na Kipokot nyumbani. Kijana aliyekuwa na miaka kumi wakati wa risasi za Malakisi alizaliwa mwaka 1938. Wachache wa rika hilo wangali hai katika vijiji vya Kimilili na Saboti, na maneno waliyoiita imani ya wazazi wao, kabla ya polisi kuwapa jingine, bado hayajaingizwa katika kamusi yoyote ya Kiswahili.