Mheshimiwa Kaleta Bilioni za Mgodi, Sasa Tuonyesheni Zilipokaa

Haya wadau, leo umbea wa ndoa za mastaa tuuweke pembeni kidogo. Kuna mheshimiwa mmoja, jina silitaji, watu wa Nzega mnamjua. Miaka ile baada ya uchaguzi wa 2010 alikomaa na mgodi wa Golden Pride mpaka kieleweke: lipeni ushuru wa huduma, hela ya dhahabu irudi kwa wananchi. Wengine wakasema anatafuta kiki. Mwaka 2012 Resolute, kampuni ya Waaustralia iliyokuwa na mgodi, ikailipa halmashauri zaidi ya shilingi bilioni 2. Kiki gani hiyo inaleta bilioni 2? Hapo mimi nampigia saluti, na wanaomkejeli mpaka leo watuambie wao walidai nini.

Ila makofi yasitulevye. Golden Pride ilianza kutoa dhahabu 1998, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa nchini. Ilipofika 2014 uzalishaji ulikuwa umeshakwisha, na wakia zaidi ya milioni 2 zimeshaondoka. Yaani hela ya maana imekuja dakika za majeruhi!

Na hiyo hela yenyewe ni kiasi gani? Enzi za mgodi huo, sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 iliruhusu halmashauri itoze hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Dhahabu ya shilingi 1,000 ikiuzwa, wilaya ilibaki na shilingi 3. Tatu! Hata pipi hupati. Bado mikataba kadhaa ya migodi mikubwa ya enzi hizo ikaweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, uuze usiuze.

Sisi watu wa Tabora sinema hii tumeshaiona. Karne ya 19 pembe za ndovu zilipita hapa hapa, mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, miguu mpaka Bagamoyo, halafu jahazi mpaka Unguja. Majumba yakajengwa huko. Sisi tukabaki na miembe ya njiani. Embe zenyewe tamu, sibishi, lakini mtu hasomeshi mtoto kwa kivuli cha mwembe.

Sasa wanasiasa wa leo mnaopanda jukwaani na wimbo ule ule wa "rasilimali zetu", msituimbie tena. Tangu 2017 sheria ya madini inataka kila mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, na akubaliane na halmashauri. Kwa hiyo lawama zote huwezi kumtupia mzungu. Mpango ukijaa vitu vya kupigia picha, aliyekubali ni diwani wako uliyempa kura kwa sababu ya kofia na fulana.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: dhahabu haioti tena. Tumbaku ukikosea msimu huu utapanda mwakani, asali nyuki watarudi mzingani. Shimo likiisha limeisha. Hela ya shimo kuitia kwenye posho, semina na rangi ya ofisi ni kula mbegu. Iende kwenye maji, karakana ya kufundishia vijana ufundi, mashine za kusindika asali ya Tabora badala ya kuiuza kwenye madumu. Wachimbaji wadogo wa Nzega na Igunga nao wanunuliwe vipimo, waache kubahatisha na sururu.

Na orodha ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji: mradi gani, shilingi ngapi, fundi nani. Siyo siri ya jeshi hiyo.

Mheshimiwa unayejiandaa kushika hundi ya bango la mita mbili, kabla hujaposti tupe jina la kijiji na mradi. Na nyie wadau wa Lusu, Nzega mjini na Igunga, tuambieni: kisima gani, zahanati gani huko kwenu imetoka kwenye dhahabu? Majina ya watu yaacheni, tunataka majengo.