Mchezo wa Watoto Si Pambo la Mgeni

Leo twataka kuwakemea walimu wenzetu, nasi tumo.

Kila mgeni mkubwa ajapo shuleni, hapa Njombe hata kule Makambako, watoto hupangwa mistari miwili wakakariri ngonjera tuliyowaandikia sisi. Mgeni hupiga makofi, nasi hujiona tumefundisha maigizo. La, hatukufundisha, tumewafanya kasuku.

Zamani haikuwa hivyo. Katika baridi ya nchi hii bibi alisimulia kando ya moto, na watoto walimwitikia, wakajifanya sungura na fisi, wakamkatiza kwa maswali. Baadaye zikaja shule, na pamoja nazo michezo ya kukariri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala zikaingia madarasani. Katika hizo mjinga hubishana na mwerevu, kisha mjinga hukubali. Hatuzidharau, maana zilikuza Kiswahili, zikawazoeza wengi kusimama mbele za watu. Lakini mwisho wake wajulikana kabla ya mwanzo, na mtoto hana la kuongeza.

Wako wasemao, "Mtoto atasema nini?" Na waitazame Tuseme. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha kazi hiyo katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe walitafuta mambo yawazuiayo kusoma, wakayatungia mchezo, wakaucheza mbele ya wenzao na walimu, kisha wakajadiliana. Kazi hiyo ilivuka mipaka, ikafika nchi nyingine za Afrika.

Je, watoto wetu hawana la kusema? Nendeni stendi ya Makambako, mwaone wasichana wadogo wakipanda basi kwenda kutumika katika nyumba za watu mijini. Sisi tulikuwa naye mmoja darasani. Ngonjera ya faida za elimu aliijua kuliko wote, mgeni akamsifu. Muhula uliofuata dawati lake lilikuwa tupu. Hatukuwa tumemwuliza kwao kuna nini. Tulimpa maneno yetu, hatukuyataka yake.

Basi, mwalimu, mgeni ajapo tena, weka kalamu chini, uwaulize watoto, "Ninyi mwataka kucheza nini?" Nanyi wazazi, njoni mtazame, wala msiwakaripie watakapoigiza mambo ya nyumbani. Huenda yakatuaibisha. Afadhali tuaibike leo kuliko kuhesabu madawati matupu kesho.