Njia za Miguu Zirudishwe kwa Watembeao

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambalo Waingereza waliliweka mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Maelfu ya Waafrika walitwishwa masanduku ya risasi na magunia ya chakula, wakatembezwa kwa miguu kutoka pwani hadi bara, na wengi wao hawakurudi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya Jiji mwaka 1927, ni kumbukumbu ya wapagazi hao pamoja na askari waliopigana. Hivyo eneo hilo lilipewa jina na watu wa miguu, na hadi leo ni la watu wa miguu. Asiyeamini na asimame saa mbili asubuhi pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Mtaa wa Msimbazi, atazame ni nani apitaye.

Atamwona mama aliyeteremka kwenye daladala ya Mbagala akiwa na beseni kichwani. Atamwona kijana aliyeinamia mkokoteni uliojaa viazi, jasho likimtiririka, na mwenzake anayekanyaga pedali za guta lililobeba marobota ya vitenge. Atawaona muuza madafu akiisukuma baiskeli yake, mlinzi aliyekesha akirudi nyumbani kwa baiskeli, wanafunzi, makarani na wagonjwa waendao Mnazi Mmoja. Kati ya umati huo ataliona gari moja lenye mtu mmoja ndani, limekwama, linapiga honi. Kwa namna mambo yalivyopangwa, mwenye honi ndiye mwenye njia.

Mwezi Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo, wale waitwao machinga, waliondolewa kwenye njia za miguu za Dar es Salaam na kuelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Serikali ilikuwa imeelekeza kwamba wasibughudhiwe, na mwishoni mwa mwaka 2018 vikatolewa vitambulisho kwa ada ya shilingi 20,000. Sababu iliyotolewa mwaka 2021 ilieleweka na kila mtu: njia za waendao kwa miguu zilikuwa zimezibwa, watu wakalazimika kupita barabarani katikati ya magari, na milango ya maduka haikuonekana. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na wananchi wengi waliipokea ingawa waliowahurumia ndugu zao walioondolewa hawakuwa wachache.

Lakini lipo swali linalopasa kuulizwa bila kigugumizi. Njia zile zilipoachwa wazi, nani alizichukua?

Jibu liko mbele ya macho ya kila apitaye. Katika mitaa mingi ya Kariakoo, na vivyo hivyo katika mitaa ya katikati ya Jiji, magari yamepanda juu ya njia za miguu yakaegeshwa humo kutwa nzima. Pale ambapo gari halikuweza kupanda, zimepangwa pikipiki. Penye nafasi kati ya pikipiki, mwenye duka ametoa nje majokofu na magodoro yake ili yaonekane. Baadhi ya machinga nao wamerudi kimyakimya, kwa kuwa mteja anapita pale pale alipokuwa akipita. Basi mwananchi aliyeambiwa kwamba njia imesafishwa kwa ajili yake bado anateremka barabarani, mtoto mkononi, akikwepa magari.

Hapo pana jambo linalogusa haki, wala si utaratibu wa mji peke yake. Mtu aliyetandaza viatu vya mitumba juu ya turubai alifuatwa na mgambo. Mtu aliyeegesha gari la mamilioni ya shilingi juu ya sakafu ile ile mara nyingi haulizwi neno. Ikiwa kosa ni kuziba njia ya umma, basi ni kosa kwa wote wawili, na mwenye gari ndiye aliyeziba sehemu kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970 wananchi walikuwa na jina la kejeli, Wabenzi, kwa wale waliodhani gari kubwa linampa mtu hadhi ya kupita popote. Jina hilo halisikiki sana siku hizi, lakini tabia yenyewe haijazeeka.

Wapo wafanyabiashara watakaosema kwamba mteja haji bila gari, na kwamba kuondoa magari ni kuua biashara. Kwa Kariakoo dai hilo halina msingi. Biashara ya eneo hilo haikujengwa na magari madogo. Mnunuzi anayetoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni hafiki mlangoni mwa duka kwa gari lake. Huzunguka kwa miguu kutwa nzima, duka hadi duka, Mtaa wa Kongo, Aggrey, Swahili, Sikukuu, Narung'ombe, akilinganisha bei. Akishanunua, mzigo wake hubebwa na mkokoteni au guta hadi kwenye lori au basi. Mshipa unaoendesha damu ya soko hilo ni mguu wa mnunuzi na gurudumu la mchukuzi. Gari dogo lililoegeshwa mbele ya duka tangu asubuhi hadi jioni, ambalo aghalabu ni la mwenye duka mwenyewe, linaziba mahali ambapo wangepita wateja wasiohesabika.

Wachukuzi hao wanastahili kutajwa mbali kidogo. Mazoea yamekuwa kuwaona kama kero, watu wa kukamatwa na kunyang'anywa vyombo vyao pindi Jiji linapotaka kuonekana safi. Lakini hakuna aliyekwisha kuonyesha ni kwa chombo gani kingine gunia la kilo 100 litatoka kwenye malori yaliyosimama pembeni hadi sokoni, kwa gharama ndogo na bila moshi, katika mitaa ambayo gari haliwezi kugeuka. Mkokoteni ni chombo cha usafiri. Unahitaji njia laini, mteremko wa kupandia ukingo, na mahali pa kupakulia.

Mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya nyumba za Kiswahili zisizokuwa na ghorofa. Leo nyumba hizo zimebomolewa na mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka, maghala na nyumba za kulala wageni. Watu wanaoingia na kutoka katika kiwanja kimoja wameongezeka mara nyingi, lakini upana wa mtaa umebaki ule ule. Soko lenyewe, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 10, 2021, na Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jengo jingine jipya kando yake. Mwaka 2025 ukazinduliwa pia mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Hatua hizo ni njema, na kila moja italeta watu zaidi. Hakuna mhandisi anayeweza kuwapitisha wote ndani ya magari katika mitaa hiyo. Hesabu inakataa.

Madai ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli si mapya wala hayakuletwa na wageni. Umoja wa Waendesha Baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, umekuwa ukifanya misafara ya baiskeli katika barabara za Jiji kudai njia salama. Wanachama wake ni watu wa kazi, ambao baiskeli kwao si mchezo wa Jumapili bali ndiyo nauli na ndiyo duka. Muuza mikate akigongwa, familia hukosa mkate siku hiyo hiyo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba baiskeli haikuwa kitu cha aibu katika nchi hii. Katika miaka ya shida ya mafuta, baada ya bei kupanda duniani mwaka 1973, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Wenye magari walinung'unika, lakini mji haukufa. Siku hizi Kigali, mji mkuu wa Rwanda, tangu mwaka 2016 umekuwa ukifunga baadhi ya barabara zake kwa magari katika Jumapili zilizopangwa, watu wakakimbia na kupanda baiskeli, na sehemu ya katikati ya mji huo imetengwa kabisa kwa waendao kwa miguu. Kampala nayo imetenga njia ya miguu na baiskeli katika Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum, karibu na stendi kongwe ya teksi, mahali penye msongamano usiotofautiana sana na wa Kariakoo. Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa ajili hiyo. Kuahidi na kutenda ni mambo mawili, lakini angalau ahadi imeandikwa, na raia anaweza kuidai.

Dar es Salaam yenyewe ina mafunzo yake. Katika miaka ya 1990 ulifanywa Temeke na Morogoro mradi wa majaribio, chini ya mpango wa Benki ya Dunia wa usafiri wa Afrika, uliotengeneza vivuko vilivyoinuliwa, njia za baiskeli na vipunguza mwendo. Mwaka 2001 wataalamu Marius de Langen na Rustica Tembele walitoa kitabu cha mwongozo kilichotokana na kazi hiyo, kwa ajili ya miji ya Afrika nzima. Baadaye shirika la Amend lilitengeneza njia za miguu, vivuko na matuta mbele ya shule za msingi zenye ajali nyingi, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya taasisi ya World Resources Institute. Ujuzi basi upo, tena wa hapa hapa. Kinachoshangaza ni kwamba barabara mpya bado hujengwa kana kwamba kitabu hicho hakijaandikwa.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwezi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, yalikuja pamoja na njia za miguu na za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro. Mwaka 2018 Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Hiyo ilikuwa sifa ya haki. Lakini leo mpanda baiskeli anayeifuata njia hiyo hukutana na bodaboda zinazomjia uso kwa uso, kisha gari lililoegeshwa, kisha meza ya biashara, mpaka anaamua kurudi barabarani kwenye hatari anayoifahamu. Njia isiyolindwa hupotea ndani ya mwaka mmoja. Na kila abiria wa basi hilo ni mwenda kwa miguu mara mbili, anapokwenda kituoni na anapotoka kituoni. Vituo vimewekwa katikati ya barabara, hivyo hana budi kuvuka.

Kuvuka ndiko kunakoua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva kumpisha mtu aliye kwenye kivuko. Madereva wengi wanaijua sheria hiyo siku ya mtihani wa leseni tu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa mijini ni mkubwa mno kwa mitaa yenye watu waliobanana. Mtu aliyegongwa na gari liendalo kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kupona, na nafasi hiyo hupungua haraka kadiri mwendo unavyozidi. Mwezi Februari 2020 mkutano wa dunia uliofanyika Stockholm ulitoa azimio la kutaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Pasipo Kariakoo, ni wapi basi panapostahili?

Tangu Februari 2021, iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam, na Kariakoo na katikati ya mji zote ziko chini yake. Barabara za mitaa ziko mikononi mwa TARURA. Kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha kusukumiana mpira. Mtaa wa Kongo, ambao kwa kweli umekwisha kufungwa na wingi wa watu, ufungwe rasmi kwa magari wakati wa mchana, na Jiji lipime matokeo yake kabla ya kuendelea na mitaa ya jirani. Malori ya kushusha shehena yaingie usiku, kwa kuwa saa 24 zimekwisha kutangazwa na zitumike kwa faida hiyo, taa zikiwashwa. Nguzo fupi za zege zichimbiwe ukingoni mwa njia za miguu ili gari lisiweze kupanda hata kama mgambo amelala. Faini ya kuegesha juu ya njia ya miguu itozwe, na wakubwa wasisamehewe. UWABA, wachukuzi wa mikokoteni na machinga wenyewe waitwe kwenye vikao wakati ramani bado ziko mezani. Kuwaita baada ya mkandarasi kuanza kuchimba ni kuwafanyia mzaha.

Kazi hiyo haihitaji mkopo mkubwa kutoka nje wala haihitaji kusubiri barabara za juu. Kabla ya kikao kijacho cha bajeti, madiwani wa Jiji na wahandisi wa TARURA wangefanya ziara moja fupi: kutoka kituo cha Gerezani, kupitia Mtaa wa Msimbazi na Barabara ya Uhuru, hadi Mnazi Mmoja, saa kumi na moja jioni, kwa miguu, kila mmoja akiwa na mzigo mkononi, na bila askari wa kuwatangulia.