Visu vya Japani vinagombaniwa, wanaovinoa wanazeeka

Jijini Tokyo kuna barabara inayoitwa Kappabashi, ambako wenye mikahawa hununua sufuria, sahani na visu. Siku hizi ukipita pale utakuta watalii wamejaa kwenye maduka ya visu. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na si wachache waliorudi kwao na kisu cha mkono ndani ya sanduku.

Sababu ya kwanza ni pesa. Julai 2024 yeni iliporomoka hadi zaidi ya 160 kwa dola moja, udhaifu ambao haukuwa umeonekana tangu 1986. Kisu cha yeni 30,000 kikawa chini ya dola 190. Sababu ya pili ni video za mtandaoni: nyanya inakatwa nyembamba kama karatasi, kisu kinanolewa polepole juu ya jiwe lenye maji. Basi visu vimekuwa kama raba. Kuna watu Ulaya na Marekani wanaovikusanya kwa jina la mhunzi na aina ya chuma, na wengine hata kitunguu hawajawahi kuvikatia.

Ukiangalia haraka utasema wahunzi wa Japani wameomoka. Si rahisi hivyo.

Chukua Sakai, mji ulio kando ya Osaka ambao umefua visu kwa karne nyingi. Kisu kimoja hapo hupita mikono ya watu kadhaa. Mhunzi anaunganisha chuma kigumu na chuma laini kwa moto na nyundo: kile kigumu kinabeba makali, kile laini kinazuia kisu kisivunjike. Halafu kinaenda kwa mnoaji, anayekipa umbo na makali kwenye mawe makubwa yanayozunguka huku yakimwagiwa maji. Mwingine anatia mpini. Juu ya wote yuko mfanyabiashara wa jumla, ambaye anatoa oda na kuuza. Mara nyingi jina linalochongwa kwenye kisu ni la huyo muuzaji.

Mfumo huo una faida yake. Mtu akifanya kitu kimoja kwa miaka 40, anakuwa moto kwelikweli. Lakini una matatizo mawili. Kwanza, anayefanya kazi hajulikani, na asiyejulikana hana nguvu ya kudai bei. Pili, mmoja akikosekana, wote wanasimama. Wahunzi wangapi wapo haijalishi kama hakuna wa kunoa.

Na kunoa ndiko kunakotisha vijana. Ni kazi ya maji baridi, tope la chuma na mgongo kuuma, na inachukua miaka kuijua. Zamani mwanagenzi aliishi kwa bwana wake, akalishwa, akapewa vijisenti. Leo kijana anadai mshahara, na ni haki yake. Ila karakana ya wazee wawili itamlipaje mtu ambaye kwa miaka ya kwanza anaharibu visu zaidi ya anavyotengeneza? Huku kwetu vijana ni wengi na ajira ndiyo hatuioni. Kule ajira zipo na vijana ndio wachache, kwa hivyo anayechagua ni kijana.

Hadithi ya vinoo inatuonyesha mwisho unaweza kuwaje. Milima ya Kyoto ilitoa mawe ya kunolea yaliyosifika kwa karne nyingi, laini kiasi cha kumalizia makali ya upanga. Vikaja vinoo vya kiwandani vyenye namba: 1000 kwa kunoa kawaida, 6000 kwa kung'arisha. Ni bei nafuu, na kusema kweli vinatosha jikoni. Wembe wa kutupa nao ukaua soko la vinyozi. Migodi mingi ikafungwa. Leo wakusanyaji wanagombania mawe yaliyochimbwa zamani, na bei inapanda kwa sababu mengine yanayokuja ni machache. Hapo pesa ya mkusanyaji haimsaidii mchimbaji yeyote. Inazunguka tu kati ya wauzaji.

Je, visu vitafuata njia hiyo? Mwaka 2025 ulionyesha jinsi soko hili lilivyo tete. Marekani iliwawekea Wajapani ushuru, na mwezi Julai wakakubaliana asilimia 15. Mwezi Agosti ikafuta msamaha wa kodi kwa vifurushi vya chini ya dola 800, na Posta ya Japani ikasitisha kwa muda kupokea vifurushi vingi vya kwenda huko. Kiwanda kikubwa kina mawakili wa kushughulikia makaratasi hayo. Fundi anayeuza kisu kimoja kimoja kwa mteja wa Texas hana.

Lakini kuna mahali wamejaribu njia nyingine. Echizen, mkoani Fukui, wahunzi waliungana na mwaka 1993 wakafungua karakana ya pamoja, Takefu Knife Village. Mashine kubwa wanatumia kwa pamoja, badala ya kila mmoja kukopa pesa anunue yake. Wageni wanaingia kutazama, na vijana waliokuja kujifunza wako pale pale nyundoni. Muhimu zaidi, kila fundi anauza kwa jina lake mwenyewe. Mteja anajua nani alikifua, na fundi anajua nani anamtaka.

Huo, kwa maoni yangu, ndio mstari wa kuangalia. Mkusanyaji anayeuliza "nani alikinoa?" anasaidia kuliko anayenunua visu kumi na kuvifungia kabatini akisubiri bei ipande. Tayari baadhi ya maduka yanaandika jina la mhunzi na la mnoaji kando ya bei, kwa sababu wateja wa nje walisumbua hadi wakajibiwa.

Serikali ya Japani imekuwa na sheria ya kulinda ufundi wa jadi tangu 1974, na visu vya Echizen na Sakai viko kwenye orodha. Cheti ni kizuri. Ila cheti hakilipi kodi ya nyumba ya mwanagenzi wa miaka 22. Bei ya kisu ikipanda dukani na mshahara wa anayejifunza kunoa ubaki pale pale, basi hao watalii wa Kappabashi wananunua akiba ya mwisho na hawajui.