Atokaye Kwenye Wino Haji Mikono Mitupu

Imezuka dhana miongoni mwa wanaofundisha usanifu wa michoro kwamba msanifu aliyezoea majalada na mabango, akitaka kujifunza michoro inayotembea, hana budi kuyasahau yote aliyoyajua na kuanza upya na programu za kompyuta. Dhana hii ni potofu. Humfanya fundi wa miaka mingi ajione mjinga, na madhara yake huonekana kila siku kwenye skrini: herufi huzunguka, huruka, hulipuka, na mtazamaji asijue zimesema nini.

Historia yenyewe inaikanusha. Saul Bass wa Marekani alikuwa msanifu wa matangazo ya magazetini na mabango kabla ya kuigusa filamu. Mwaka 1954 aliichorea filamu ya Carmen Jones waridi ndani ya mwali wa moto. Mwongozaji Otto Preminger akamtaka auwashe mwali huo mwanzoni mwa filamu yenyewe. Mwaka 1955, katika The Man with the Golden Arm, Bass alitumia mistari myeupe michache juu ya weusi, ambayo hatimaye hugeuka mkono uliopindika. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na jicho lililofunzwa na karatasi: nafasi tupu, ukubwa wa herufi, uzito wa umbo.

Je, msanifu wa machapisho hana la kujifunza? Analo, tena kubwa, nalo ni wakati. Ukurasa humngoja msomaji. Skrini haimngoji mtu. Filamu kwa kawaida hupitisha picha 24 kila sekunde, na msanifu ndiye aamuaye neno likae picha ngapi. Uamuzi huo hauna kitufe.

Washairi hawatashangaa. Tarbia huandikwa karatasini, lakini mizani 8 za ukwapi na 8 za utao hupima pumzi ya mghani, na kina cha kati humwonyesha pa kutua. Akikimbilia kituo bila ya kutua, amelisoma shairi, hakulighani. Ndivyo alivyo msanifu ajazaye mjongeo kila pembe: amezitikisa herufi, hakuzisemesha.

Basi wanaofundisha waache kuuza njia ya mkato. Mwanafunzi apewe kwanza neno moja, karatasi na saa; aamue lini liingie, likae kiasi gani, lini liondoke. Akishindwa hapo, programu itamwezesha tu kushindwa kwa kasi zaidi.