Sahihi Isiyo Sahihi

Hoja ya mjadala wetu muhula huu ilikuwa rahisi kuisoma na ngumu kuijibu: serikali iongeze mishahara ya watumishi wa umma, au fedha hizo ziajiri vijana wasio na kazi? Upande wa mishahara ulishinda kwa makofi, jambo lisiloshangaza katika chumba kilichojaa watoto wa wauguzi na walimu. Lakini kuna jambo lililotajwa kwa haraka likaachwa njiani, nalo ndilo safu hii inataka kulirudia: mkataba wa 2018.

Katikati ya mwaka huo serikali ya Afrika Kusini na vyama vya wafanyakazi walikubaliana nyongeza ya miaka mitatu. Mwaka wa tatu ulikuwa uanze Aprili 2020. Watumishi wa ngazi za chini wangepata kiasi cha mfumuko wa bei na asilimia 1 juu yake, wa kati nusu asilimia juu yake, na wa juu mfumuko wa bei mtupu. Miaka miwili ikalipwa. Kisha Februari 2020 Waziri wa Fedha, Tito Mboweni, akasoma bajeti iliyopunguza matumizi ya mishahara kwa takriban randi bilioni 160 ndani ya miaka mitatu. Aprili ikafika, nyongeza haikufika. Nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na wauguzi walikuwa wakiitwa mashujaa kila jioni kwenye televisheni.

Vyama vikaenda mahakamani. Desemba 2020 Mahakama ya Rufaa ya Kazi ikasema mkataba ni batili. Tarehe 28 Februari 2022 Mahakama ya Katiba, pale Constitution Hill, ikakubaliana nayo. Sababu yenyewe ni kavu kama vumbi la Agosti: kanuni za utumishi wa umma za 2016 zinataka nyongeza iwe na fedha kwenye bajeti, au kuwe na ahadi ya maandishi kutoka Hazina. Mkataba ulizidi fedha zilizokuwapo kwa bilioni 30 hivi, na ahadi ya Hazina haikuwapo.

Hapa Kiswahili kinatupa neno ambalo wanasheria wa Kiingereza hawana. Sahihi ni jina unalotia chini ya karatasi, na sahihi ni kitu kisicho na kosa. Mkataba ule ulikuwa na sahihi, ila haukuwa sahihi.

Kisheria, tunaona mahakama haikukosea. Kama waziri mmoja anaweza kutumia fedha ambazo Bunge halijazipitisha, basi bajeti ni hadithi ya kulalia. Kinachotukera ni nani aliyebeba mzigo. Jukumu la kuzitafuta fedha na kuipata barua ya Hazina lilikuwa la serikali. Serikali haikutimiza kanuni yake yenyewe, ikalipa miaka miwili bila kulalamika, halafu ikaenda mahakamani kujitetea kwa kosa lake. Mfagizi wa wodi hakuwa na namna ya kujua kama barua ya Hazina ipo, na ndiye aliyekosa pesa. Huenda alishakopa kwa kutegemea nyongeza hiyo.

Wenzetu wenye asili ya Kenya hawakushangaa. Juni 2013 serikali ya Kenya ilitia sahihi makubaliano na chama cha madaktari, yakakaa kwenye kabati. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wakagoma, na mgomo ukadumu siku 100. Februari 2017 viongozi wao walifungwa jela kwa kutotii amri ya mahakama, kisha wakaachiliwa. Mkataba mwingine ukaandikwa 2017, na kutokana na huo ukazuka mgomo wa 2024, siku 56, safari hii kuhusu madaktari wanafunzi: mkataba unasema shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali inasema 70,000. Tofauti na Pretoria ni kwamba Nairobi watu walibaki barabarani, na mwisho wa 2024 serikali ikakubali kulipa zile 206,000. Gharama yake waliilipa wagonjwa waliokuta milango imefungwa, na hao hawakuketi kwenye meza yoyote.

Katika mjadala mwenzetu mmoja alisema ahadi ni deni. Mpinzani wake akauliza: deni la nani? Swali hilo lilistahili muda zaidi ya dakika mbili alizopewa. Afrika Kusini sasa inatumia takriban senti 22 katika kila randi ya mapato kulipa riba ya madeni. Mishahara ya serikali inakula karibu theluthi ya matumizi. Mwaka 2023, baada ya migomo, watumishi walipata asilimia 7.5. Bajeti haikuwa imetenga fedha za kutosha, na ilipofika Agosti Hazina ikatoa maelekezo ya kubana matumizi, yakiwemo ya kuzuia ajira mpya. Yaani nyongeza ya aliye kazini ilitoka kwenye nafasi ya asiye kazini. Mwanzoni mwa 2025 madaktari zaidi ya elfu moja, waliosomeshwa kwa gharama kubwa, walikuwa nyumbani huku kliniki zikiwa na foleni tangu alfajiri. Aprili mwaka huo Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza kuajiri 1,200.

Kwa hiyo upande ulioshindwa ulikuwa na hoja nzito kuliko makofi yalivyoonyesha. Ila walikosea walipoweka muuguzi na daktari asiye na kazi kwenye mizani moja, kana kwamba hakuna kingine cha kupima. Februari 2025 bajeti yenyewe iliahirishwa kwa sababu ANC na DA hawakukubaliana kuhusu kupandisha VAT, na toleo lake la tatu likasomwa Mei ndipo likapita bila nyongeza ya kodi hiyo. Kumbe bajeti inaweza kuandikwa upya wenye nguvu wakitaka.

(Walimu wetu watapenda kujua kwamba mshahara umetokana na neno la Kiarabu la mwezi. Mtu wa mshahara ni mtu wa mwezi hadi mwezi. Kumwambia asubiri miaka miwili hadi hukumu itoke ni kumwongelesha lugha nyingine.)

Mkataba mpya umeshatiwa sahihi, nao ni wa miaka mitatu. Asilimia 5.5 kwa 2025, kisha miaka miwili ya kufuata mfumuko wa bei, isipungue asilimia 4 wala kuzidi 6. Mwaka wa tatu unaanza Aprili 2027.