SI BETRI, NI WAYA



Kila msimu wa karafuu, wenzetu wa Kojani, Makoongwe na Kisiwa Panza hutegemea vyombo kuvuka kwenda mashambani Pemba na kurudi makwao, aghalabu magharibi imekwisha ingia. Vyombo hivyo vingine ni motaboti za zamani. Taa zake huwaka kwa unyonge, pampu ya ngama huzunguka kivivu, na mashine hukataa kuwaka. Hapo mwenye chombo husema, "Betri imekufa," akaenda kununua mpya. Haupiti muda, maradhi ni yale yale.

Sisi twaona fedha hizo mara nyingi hutupwa bure. Twaona pia kwamba si haki kumpakia mtu usiku katika chombo ambacho nyaya zake hazijapimwa.

Umeme hutoka betrini kwa waya mmoja na hurudi kwa mwingine. Njiani hupita katika swichi, fyuzi na viungo vingi. Maji ya chumvi huila shaba ikafanya kutu ya kijani, na kila penye kutu volti hupotea na kugeuka joto. Glopu ya kizamani ikipungukiwa volti sehemu moja katika kumi, mwanga wake hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Basi nahodha wa chombo kingine ataionaje taa yako mapema?

Unene wa waya nao una neno. Waunda boti wa Marekani wana kanuni kwamba upotevu katika taa za njia na pampu ya ngama usizidi asilimia 3, yaani volti 0.36 kwa betri ya volti 12. Chukua pampu inayokula ampea 5, iliyo mita 6 kutoka betrini. Kwenda na kurudi, hizo ni mita 12 za waya. Ukitia waya wa nyumbani wa milimita 1.5 za mraba, utapoteza kiasi cha volti 0.7. Ukitia wa milimita 4 za mraba, hutapoteza hata 0.3.

Kupima si kazi ngumu, ila sharti taa iwe inawaka au pampu inazunguka. Umeme usipopita, waya mbovu nao huonyesha volti kamili, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwanza pima penye vichwa vya betri. Ikiwa volti zinaanguka mno hapo hapo, ilhali betri ilijazwa vizuri, ni haki kuilaumu. Zikiwa nzuri, pima penye taa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyopotea njiani. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, na ya pili uipeleke kiungo kwa kiungo hadi kwenye taa. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye ugonjwa. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, ambao mafundi wengi huusahau.

Ukishapaona, usipake mafuta juu ya kutu. Kata waya mpaka uone shaba inayong'aa, ubane kichwa kipya, uzibe maji yasiingie. Ikiwa waya umekuwa mweusi kwa ndani, utoe wote utie mwingine, na bora ule wa shaba iliyopakwa bati.

Wako watakaosema, "Boti inakwenda na taa zinawaka, ya nini taabu hii?" Twawajibu kwamba pampu yenye nguvu nusu haijulikani siku ya shwari, hujulikana siku ya mawimbi, watu wamejaa na maji yanaingia. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngamani ndimo nyaya zetu zinamooza bila kuonekana.

Kwa hiyo tunatoa rai: kila bandari wenye vyombo wachangie mita moja ya kupimia volti, na kila chombo kipimwe kabla ya mavuno kuanza. Nawe mwanachama unayetoa nauli, usione haya kumwuliza nahodha kama amepima. Mita moja ni rahisi kuliko betri moja, na roho ya mchumaji haina bei.